Chupa ya Tatu na Tangi la Stamili

Mnyambe, Newala.

Kwa Mkuu,
Maabara ya Tone Safi,
Masasi.

Mheshimiwa Mkuu,

Mke wangu amekufa. Jina lake Stamili. Asubuhi alichota maji ya tangi, akanywa, akapika, tukala. Jioni akaanguka mlangoni, akafa. Tumemzika.

Hilo silo lalamiko. Hamkumuua ninyi. Nimelitaja kwanza kwa sababu Dada Salome, yule wa dirishani kwenu, aliniambia nikitaka kuandika barua nianze na sababu ya kuandika. Sababu ndiyo hiyo.

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, nakudai. Jina langu Alfani Chilumba. Mimi ni kuli, napakia magunia ya korosho kwenye ghala huko huko kwenu Masasi. Shule niliishia la nne. Barua naandika mwenyewe. Maneno makubwa nimeyasikia kwenu, makosa ni ya kwangu.

Nianze na tangi, maana Dada Salome kasema wewe huko ndani huoni watu, unaona namba tu.

Tangi nilijenga mimi. La saruji, nusu limezama ardhini, linakusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati la nyumba. Hapa juu maji hakuna, hilo hata nyie wa Masasi mnalijua. Stamili alikuwa anateremka bondeni na ndoo, anapanda nayo. Nikajenga ili asiteremke tena. Mwaka huu mvua ya kwanza ikapiga, gata ikamwaga, tukafurahi. Akanywa. Akafa. Daktari aliandika presha. Stamili hakuwahi kupimwa presha, lakini mama yake anayo, anameza vidonge kila siku.

Presha tuliikubali wote mpaka siku ya mazishi. Siku hiyo alikuja Abuu, mtani wetu, Myao. Unawajua watani msibani. Kachukua jagi, kajaza maji ya tangi, anawapitishia watu waliokaa jamvini, anasema karibuni maji ya Alfani, dawa ya mke aliyekuchosha. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mtani ukimnunia ndiyo umemlipa. Shemeji yangu Mujibu, kaka yake Stamili, naye akacheka.

Kesho yake hakucheka. Aliliangalia bati. Akaiangalia mikorosho. Mikorosho yetu tuliipiga salfa, dawa ya ukungu, tangu kiangazi kinaanza, kila mtu anapiga, na ule unga wa salfa unakwenda unakotaka, bati ndiyo mahali pake. Mvua ya kwanza imeliosha bati, uchafu wote tangini. Mujibu akasema, salfa ndiyo imemuua dada yangu.

Sasa hapa nisikilize, kama wewe si wa huku. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye neno. Mimi nina mtoto mmoja, Shamila, na mjomba wake ni huyo huyo Mujibu. Akisema mtoto hakai kwenye nyumba yenye tangi la sumu, hakai. Na mimi mfiwa siondoki msibani mpaka yeye aseme nenda. Shehe alimwambia kwamba dini haimpi mwanamume eda. Mujibu akamjibu shehe kwamba dini haikujenga tangi. Akakata shauri. Maji yapimwe. Yakiwa mabaya, Shamila anahamia kwake Newala mjini na tangi linavunjwa. Yakiwa mazuri, mtoto abaki, mimi niachiwe nirudi kazini. Wakati huo nikae jamvini. Msimu wa korosho umechanganya, wenzangu wanapakia, mimi nimekaa kama mgonjwa.

Ndipo tukawapigia simu. Ndipo akaja mtaalamu wenu Fortunatus na pikipiki, deli la barafu kalifunga nyuma. Malalamiko yangu yanaanzia hapo. Nimeyapa namba, kama mnavyopenda.

1. Fortunatus ni mwongo. Mtu mpole, kasalimia vizuri, katoa pole mpaka kwa watoto, lakini mwongo. Alichota maji ya tangi langu, akaweka chupa ya kwanza, akaandika namba. Akachota tena, tangi lile lile, akaweka chupa ya pili, akaandika namba nyingine kama vile ni maji ya nyumba nyingine. Nikamuuliza nyumba ipi hiyo. Akasema hakuna nyumba. Kasema wenzake wa maabara hawatajua kwamba ni maji mamoja, kwa hiyo wakitoa majibu yanayofanana, tunajua wanapima vizuri. Mheshimiwa, nyie mnafanya kazi chumba kimoja, mchana mnakula pamoja, halafu mnategeana chupa? Mimi ghalani nikimpitishia karani gunia lile lile mara mbili kwa majina mawili, nalala polisi. Fortunatus mnampa na pikipiki.

2. Kuna chupa ya tatu. Hii ndiyo iliyonikaa rohoni. Hii hakuichota kwetu, ilitoka Masasi imeshajaa. Alisema ni maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa maji, hayana chumvi, hayana vumbi, hayana kitu chochote. Niliyaona. Yaliyomo chupani ilibidi uitikise ndiyo ujue yapo. Akaifungua pale pale tangini, ikapata upepo, akaifunga, akaitia delini irudi Masasi. Nikauliza kazi yake. Akasema kazi yake ni kurudi kama ilivyokuja.

Hapa ni Mnyambe, Mheshimiwa. Uji wa msiba umepikwa kwa maji ya kununua. Watu wamenawa kwenye beseni moja mpaka maji yakawa mchuzi. Mtu anatoka Masasi na maji safi kuliko yote yaliyowahi kupanda huku, anayaonyesha tangi, anaondoka nayo. Jirani yetu Mama Oliva alimuuliza Fortunatus kama hayo maji ni mgonjwa, ameletwa kubadili hewa. Fortunatus alicheka tu.

Baadaye tulimkaribisha ugali. Alikula na sisi wanaume uani, deli akaliacha barazani kwa wanawake ili barafu ikae kivulini. Alikula vizuri. Kwenye ugali sina lalamiko.

3. Siku ya majibu nilikuja kwenu na Mujibu. Dada Salome ni mvumilivu, alitueleza kila kitu, na kila alichoeleza kilizidi kutuchanganya. Alisema kabla ya kupima maji ya mtu mnachukua maji mengine, mnatia salfa yenu kwa kipimo mnachokijua, halafu mnaiuliza mashine imeona kiasi gani. Kama mnajua, mnauliza nini? Siku hiyo mlitia mia, mashine ikaona tisini na sita. Nikajua sasa patachimbika. Dada Salome akasema hiyo ni nzuri sana. Ghalani kwetu gunia likipungua nne kwa mia, tunavuliwa mashati mlangoni. Pale Mujibu aliniangalia na mimi nikamwangalia. Tangu msiba uanze ndiyo mara ya kwanza tulikuwa upande mmoja.

4. Upande mmoja haukufika mbali. Dada Salome akasema majibu ya tangi langu hayatoki. Nikauliza kuna nini. Akasema chupa mbili za kwanza zimekubaliana vizuri, lakini ile ya tatu, iliyotakiwa isiwe na kitu, imekutwa na vitu. Kwa hiyo hamjui vitu hivyo vimeingilia wapi, njiani au maabara, na kama viliingia kwenye hiyo vinaweza vikawa vimeingia na kwenye zangu. Mnafuta zote. Namba mnayo, kuisema hamtaki.

Yaani maji yenu yamekutwa machafu, linalofungiwa ni tangi langu. Karani kaja na suruali chafu, gunia langu ndilo linarudishwa shamba.

Tukatembea mpaka stendi. Mujibu akasema, wangekuta mazuri wangesema, hawa wamekuficha. Nikamwambia wamesema hawajui. Akasema mtu mwenye mashine kubwa vile hawezi kuwa hajui. Tangu siku hiyo tangi limefunikwa bati na mawe juu yake. Ameazima nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Ameiegemeza ukutani mbele yangu, nikikaa jamvini ndiyo naiangalia. Nguo za Shamila ziko kwenye mfuko. Wanaondoka Ijumaa. Shamila aliniuliza kama maji ya bomba ya kwa mjomba yanapimwa. Nikamwambia kwanza yatoke.

5. Sasa nije na hesabu. Dada Salome, nilipombana sana, alisema chupa ya tatu na chupa zangu zinalingana karibu kabisa. Vitu vile vile, na kiasi kile kile. Nimeifikiria hiyo siku nzima. Ninyi wenyewe mmeapa kwamba chupa ya tatu haina kitu. Ya kwangu iko sawa na hiyo. Basi ya kwangu haina kitu. Hii ni hesabu ya darasa la pili, nami nilifika la nne. Mkikataa, mkasema maji yangu ni sumu, basi na yenu ni sumu, na mnayatembeza vijijini kwa pikipiki bila hata kibali. Chagueni moja. Mimi yoyote nitaikubali, lakini ya kwanza ndiyo naitaka.

6. Mnasema kipimo cha mara moja hakitoshi. Mke wangu amekufa mara moja. Mimi ilinitosha.

7. Kukaa jamvini kunampa mtu akili mbaya. Nimefikiria hii kazi yenu nikalinganisha na ya kwetu. Ghalani anakuja mpimaji na bambo, ule mwiba wa chuma wa kuchomea gunia. Anachoma, korosho zinamwagikia kiganjani, zinakatwa, zinaangaliwa. Basi, gunia limehukumiwa, na mkulima wake, na mwaka wake mzima. Hakuna mtu anayebeba gunia lisilo na korosho kutoka Masasi kuja kuangalia kama litarudi bila korosho.

Lakini labda ninyi ndiyo mko sawa, sisi tumechelewa. Kama ni hivyo, msikae na elimu hiyo peke yenu. Ipelekwe kote. Hakimu awe anapelekewa mtu asiye na kosa lolote, kila wiki mmoja, achanganywe na wenye makosa, tuone kama atamfunga. Daktari apelekewe mzima, tuone kama hatamwandikia dawa. Mwalimu apewe daftari la mtoto yule yule kwa majina mawili, moja la mtoto wa mwenyekiti. Na Mujibu apelekewe shemeji aliyefiwa lakini hana tangi, hana kisima, hana hata ndoo. Tuone kama hatapata cha kumlaumu. Nimelifikiria hili sana na naona Mujibu angeanguka. Angemlaumu kwa kukosa tangi. Angesema dada yangu amekufa kwa kuteremka bondeni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kabla ya Ijumaa.

Kwanza, mwandike kwamba maji ya tangi langu hayana kitu, sawasawa na maji yenu. Mpige muhuri. Muhuri uwe mkubwa, Mujibu anaheshimu muhuri kuliko maandishi.

Pili, Fortunatus aje atuonyeshe ile nyumba ya chupa ya pili. Kama haipo, aijenge. Bati nitamsaidia kupandisha.

Tatu, maji yenu yasiyo na kitu, kama kweli mnayo mengine, yaletwe Mnyambe yabaki. Kazi ya kurudi kama yalivyokuja tumewaachia watu.

Mkishindwa yote matatu, njooni Ijumaa asubuhi mumweleze Shamila wenyewe. Mimi nimeshindwa kumweleza. Anaelewa kwamba mama yake amekufa. Haelewi kwa nini aondoke nyumbani kwa sababu ya chupa ya Masasi.

Msalimie Dada Salome, mwambie sina kinyongo. Wasalimie wenzako wa chumba cha mashine, wale mnaotegeana. Mlinzi wa getini aliyenipa kiti, msalimie sana. Fortunatus naye msalimie, mwambie ugali wa msibani hauna deni. Mama Oliva anawasalimu. Shamila anawasalimu. Mujibu hawasalimu.

Ni mimi niliyefiwa,

Alfani Chilumba,
Baba Shamila.

Nyongeza.

Barua nilikuwa nimeshaikunja. Mujibu akasema isomwe kwanza watu waisikie, isije ikawa namsema. Nikaisoma jamvini. Pale pa kumsema nilipapita haraka, lakini hakuwa mjinga, alinirudisha nikasoma tena polepole. Akasema ningesema pia kwamba dada yake alikuwa hapendi kuteremka bondeni, hilo lilikuwa kweli. Nikasema nimeandika, tangi nililijenga kwa sababu hiyo.

Basi nikarudi nyuma kumsomea tena namba nne, ile ya chupa kukutwa na vitu. Mama mkwe wangu, Bi Sikuzani, akakohoa ndani. Mimi na mama mkwe hatuangaliani usoni wala hatuongei moja kwa moja, ndiyo heshima yetu huku. Akiwa na neno kwangu anauambia mlango, na mimi nasikia. Akauambia mlango hivi: "Wewe mlango, mwambie Baba Shamila aache kuwatukana watu wa watu. Ile chupa nimeinywa mimi."

Ni kwamba Fortunatus anakula ugali uani, saa ya kidonge cha presha cha mama ikafika. Maji ya tangi anayaogopa, kwa maneno ya mwanawe Mujibu. Maji ya kununua yameisha kwenye uji. Akafungua deli, akaona chupa moja inang'aa kuliko nyingine. Akamezea kidonge. Yakamnogea, akamaliza. Halafu ikamshika aibu, maana mgeni wa msibani unamrudishiaje chombo chake kikavu. Akachota tangini, akaijaza mpaka shingoni, akaifunga, akaifuta na kanga, akairudisha kwenye barafu. Aliuambia mlango kwamba ajuavyo yeye hajamdhulumu mtu, alirudisha na ziada.

Halafu Abuu, ambaye tangu mazishi hajaondoka, anakula tu, akasema basi chupa ya tatu ni mama mkwe, afungwe kwenye deli apelekwe Masasi akapimwe. Mama akacheka nyuma ya mlango. Mujibu akacheka. Nikamwangalia kama ataacha. Akasema, usiniangalie hivyo, hata kesho nitacheka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, namba mbili naifuta. Namba nne naifuta. Namba tano naifuta kabisa, chupa tatu zilikubaliana kwa sababu zote zilikuwa tangi langu. Fortunatus si mwongo. Namba saba niseme kweli, hata sisi ghalani kila asubuhi karani anaiangalia mizani kabla gunia halijapanda, isome sifuri. Isiposoma sifuri hatupimi. Hilo niliacha kuliandika kwa makusudi, lilikuwa linaniharibia barua. Namba tatu naiacha pale pale, mia yenu haijatimia.

Fortunatus aje tena kupima. Achukue mara mbili, mara tatu, aandike nyumba anazotaka. Ile isiyo na kitu aje nayo. Na nyingine ya pembeni aje nayo, ya mama mkwe kumezea kidonge, tuandikie gharama yake. Deli atalilinda mama mwenyewe, amesema hakuna atakayeligusa, nami namwamini.

Nyundo imerudi kwa mwenyewe. Nguo za Shamila zimetoka kwenye mfuko. Anabaki hapa na bibi yake, maji anakunywa ya kwa Mama Oliva mpaka mseme. Mkikuta salfa, semeni salfa, msipunguze kwa kunionea huruma. Nyundo nitaiazima mimi na kuvunja nitavunja mimi. Mkikosa kitu, basi presha ilikuwa presha, na Shamila ateke kwenye tangi la mama yake.

Majibu mpeni Mujibu kama mimi sipo. Jana nisingesema hivyo. Ameniambia nenda. Kesho narudi kazini.